Maswali na majibu: Mvua ya kioo, upepo unaopita sauti, na picha ambazo si picha

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu sayari kubwa za gesi zinazozunguka nyota zao kwa karibu mno, zile zinazoitwa Mshtarii moto. Ya kwanza kupatikana kwenye nyota inayofanana na Jua ni 51 Pegasi b, iliyotangazwa na Michel Mayor na Didier Queloz mwaka 1995. Mwaka wake ni siku 4.2. Mengine ya msingi nachukulia mnayajua.

Nimeona picha ya HD 189733 b, sayari ya buluu yenye mvua ya vioo inayonyesha kwa ubavu. Ni kweli?

Hiyo si picha. Ni mchoro. Swali hili halikauki, na nitaendelea kulijibu vilevile, kwa kuwa kosa hili ndilo linalozaa mengine yote. Sayari hiyo iko umbali wa miaka ya nuru 64 hivi, na hakuna darubini iliyowahi kuiona hata kama nukta iliyojitenga na nyota yake. Kinachotufikia ni mwanga wa nyota na wa sayari vikiwa vimechanganyika. Yote tunayoyajua yamechujwa humo.

Tutenganishe basi kilichopimwa na kilichosimuliwa.

Cha kwanza kilichopimwa ni rangi. Mwaka 2013 watafiti walitumia darubini ya Hubble kulinganisha mwanga wa kabla sayari haijajificha nyuma ya nyota na ule wa wakati imejificha. Mwanga wa buluu ulipungua kidogo. Wa kijani haukupungua kiasi cha kupimika. Kwa hiyo sayari inarudisha buluu. Haina uhusiano wowote na bahari. Cha pili ni kwamba sayari inapopita mbele ya nyota yake, huonekana kubwa kidogo kwenye mwanga wa buluu kuliko kwenye mwekundu. Ndivyo inavyokuwa angahewa ikijaa chembe ndogo mno zinazotawanya mwanga, na kwa joto la pale, linalokaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi, chembe za silikati, yaani jamii ya mchanga na kioo, ni maelezo yanayokubalika. Cha tatu ni upepo.

Changanya silikati na upepo, umepata "mvua ya vioo kwa ubavu". Lakini hakuna aliyepima mvua. Chembe iliyo ndogo kuliko sehemu ya elfu ya milimita haidondoki kama tone. Huelea kama moshi. Na kuna jambo ambalo wasambazaji wa mchoro ule hawalitaji kabisa: nyota yenyewe ina madoa mengi. Madoa ni ya baridi zaidi na yanapunguza buluu kuliko wekundu, hivyo yakiwa nje ya mstari anaopitia sayari, yanaifanya ionekane kubwa zaidi kwenye buluu hata kama angahewa yake ni safi. Kiasi gani cha ile tofauti ni ukungu na kiasi gani ni madoa, ndiyo kazi ngumu.

Anayetaka mchanga wenye ushahidi mzito zaidi aitazame WASP-17 b. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilikuta kwenye mwanga wake wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, alama ya kwatzi, yaani silika iliyo katika fuwele. Chembe zake zina upana wa nanomita 10 hivi, na nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita. Zinahitajika maelfu kufikisha unene wa unywele mmoja. Hizo nazo zinaelea.

Upepo wa huko unakwenda mara saba ya kasi ya sauti?

Kilomita 8,700 kwa saa, sawa na 2.4 kwa sekunde, ni matokeo ya mwaka 2015 kutokana na vipimo vya spektrografu (chombo kinachotawanya mwanga katika rangi zake) ya HARPS iliyoko La Silla, Chile. Sina ugomvi na namba hiyo. Kosa ni hiyo "mara saba". Aliyeiandika aligawanya 8,700 kwa 1,235, ambayo ni kasi ya sauti kwenye hewa ya Dunia. Sauti ya HD 189733 b haisafiri kwenye hewa ya Dunia. Kasi ya sauti hupanda gesi ikiwa ya moto na ikiwa nyepesi, na pale gesi ni haidrojeni yenye joto la kelvini 1,200 hivi (Selsiasi 930 hivi). Humo sauti inakwenda karibu kilomita 2.5 kwa sekunde. Kwa hiyo upepo ule unakaribiana na sauti ya kwao, na hilo kifizikia ni jambo kubwa sana, kwa sababu hapo ndipo mawimbi ya mshtuko huanza kutarajiwa. "Mara saba" inaficha jambo lenyewe.

Tazameni kipimo chenyewe kilivyo chembamba. Atomi za sodiamu hunyonya mwanga wa rangi ya machungwa kwenye nanomita 589 na kuacha mstari mweusi hapo. Hewa ikitujia kwa kilomita 2.4 kwa sekunde, mstari huo unasogea kwa nanomita 0.005. HARPS inatenganisha hatua za kilomita 2.6 kwa sekunde, maana yake upepo wote umo ndani ya hatua moja ya chombo. Ndiyo sababu mipito kadhaa, yaani nyakati sayari inapopita mbele ya nyota, huunganishwa. Kisha lazima utoe mengine yaliyomo kwenye msogeo huo. Sayari inajizungusha, na ikweta yake inakimbia kilomita 2.65 kwa sekunde, zaidi ya upepo wenyewe. Nayo iko mwendoni: katika saa zisizofika mbili za mpito, kasi yake kwetu hubadilika kutoka kutukaribia kwa kilomita 16 hivi kwa sekunde hadi kutuacha kwa kiasi hichohicho. Nyota nayo inajizungusha, na sayari huziba upande mmoja wake kabla ya mwingine, jambo linaloacha msogeo bandia. Ukikosea mojawapo kidogo tu, umevumbua upepo ambao haupo.

Mnaotafuta upepo unaopita sauti bila ubishi, matokeo ya 2025 kuhusu WASP-127 b yanaonyesha mkondo wa ikweta wa takriban kilomita 9 kwa sekunde, zaidi ya 32,000 kwa saa. Huo unapita sauti ya kwao mara tatu na zaidi.

Sayari yetu ya Mshtarii inaweza kusogea karibu na Jua ikawa hivyo?

Hapana. Sayari hizi huhama mfumo ukiwa mchanga, au zikivurugwa na jirani mzito. Mshtarii imetulia kilomita milioni 778 kutoka kwenye Jua.

Naweza kukadiria joto la sayari bila kompyuta?

Ndiyo, na nawasihi mfanye hivyo kabla ya kusambaza namba yoyote. Unahitaji vitu vitatu: joto la uso wa nyota kwa kelvini, nusu kipenyo cha nyota, na umbali wa sayari kutoka kwenye nyota. Gawanya nusu kipenyo kwa umbali uliozidishwa mara mbili, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa joto la nyota.

Kwa HD 189733: nusu kipenyo kilomita 543,000, umbali kilomita milioni 4.65, joto kelvini 5,050. Mgao ni 0.058, kipeuo chake cha pili ni 0.24, na jibu ni kelvini 1,220 hivi. Toa 273 mwishoni upate Selsiasi: karibu 950.

Makosa ninayoyaona kila mara: kutumia kipenyo kizima badala ya nusu, kusahau ile "mara mbili", kuchanganya kilomita na vipimo vya angani (kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua), na kutoa 273 mwanzoni. Pia muelewe jibu linamaanisha nini. Linadhani sayari hairudishi mwanga wowote na joto limesambaa sawa mchana na usiku. Kama joto halihami kabisa kwenda usiku, sehemu iliyo chini ya nyota inakuwa ya moto zaidi sana, na wastani wa upande wa mchana unaoonekana kwetu ni jibu lile mara 1.28. Ndiyo maana vyanzo viwili vyaweza kutoa namba mbili za sayari ileile na vyote vikawa sawa. Namba isiyosema ni ya mchana, ya usiku au ya wastani, iacheni.

Kwa nini sehemu ya moto zaidi haiko moja kwa moja chini ya nyota?

Hili ni swali la mtu aliyesoma. Sayari hizi zimefungwa na mvutano wa nyota, uso mmoja una mchana daima. Ungetarajia adhuhuri ndiyo yenye moto zaidi. Mwaka 2007 darubini ya Spitzer iliifuatilia HD 189733 b kwa saa 33, na ikaonekana kilele cha joto kimesogea kama nyuzi 16 za longitudo mashariki ya adhuhuri. Adam Showman na Tristan Guillot walikuwa wametabiri mkondo wa hewa wa kuelekea mashariki tangu 2002, kabla ya kuwepo kipimo chochote.

Ni mashindano kati ya saa mbili, yaani vipimo viwili vya muda. Saa ya kwanza: upepo unachukua muda gani kuhamisha hewa robo ya mzunguko wa sayari? Robo ni kilomita 127,000. Kwa kilomita 2 kwa sekunde ni karibu saa 18. Saa ya pili: hewa inachukua muda gani kupoa? Upepo ukiwahi, moto unasogezwa. Hewa ikiwahi kupoa, moto unabaki adhuhuri na usiku unaganda. Kupoa huharakishwa sana na joto: ukiongeza kelvini maradufu, muda unapungua karibu mara nane. Kwa hiyo kwenye sayari za moto kupindukia, tofauti ya mchana na usiku huwa kubwa zaidi. Juu ya hapo, joto kali hung'oa elektroni kwenye sodiamu na potasiamu, hewa inapitisha umeme, na uga wa sumaku wa sayari unaishika kama breki. Msikariri "mashariki" kama sheria, lakini: kwenye CoRoT-2 b kilele kilikutwa magharibi.

Kuna ushahidi mwingine wa upepo ninaoupenda zaidi. WASP-43 b, ambayo mwaka wake ni saa 19.5, ilipimwa na James Webb: mchana nyuzi 1,250 za Selsiasi, usiku 600. Kwa joto la usiku ule methani ingepaswa kujiunda. Haikuonekana. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2024 ni kwamba upepo unaikimbiza gesi upande wa usiku kwa haraka kiasi kwamba kemia haipati muda wa kukamilika.

Wanasema WASP-76 b ina mvua ya chuma, na mchana wake ni nyuzi 2,400. Chuma huchemka 2,862. Kitakuwaje mvuke?

Nguo hukauka kambani bila maji kuchemka. Kiwango cha 2,862 ni cha kanieneo ya hewa ya Dunia usawa wa bahari. Tabaka linalopimwa WASP-76 b lina kanieneo ya sehemu ya elfu moja ya hiyo au pungufu, na katika mchanganyiko wa kawaida wa nyota kuna atomi moja tu ya chuma kwa kila 30,000 hivi za haidrojeni. Mvuke mwembamba namna hiyo hausongamani kuwa matone mpaka joto lishuke mbali chini ya 2,862.

Kuhusu mvua, rudini kwenye kipimo. Mwaka 2020 spektrografu ya ESPRESSO, kwenye darubini za VLT huko Chile, ilikuta mvuke wa chuma kwenye mpaka wa jioni, mchana unapoishia, lakini si kwenye mpaka wa asubuhi. Tafsiri ya waandishi: chuma kimesongamana usiku. Inawezekana kabisa. Lakini baadaye ilionyeshwa kwamba ukingo wa jioni ukiwa wa moto na hivyo umefura zaidi, au mawingu ya oksidi ya alumini yakiziba asubuhi, unapata tofauti ileile. Tofauti ya jioni na asubuhi ni kipimo. Mvua ni dhana.

Kuna radi huko?

Hakuna radi iliyothibitishwa kwenye sayari yoyote nje ya mfumo wa Jua.

Ile sayari inayolipukiwa na dhoruba kila inapokaribia nyota ni ipi?

HD 80606 b. Njia yake imerefuka kama yai lililovutwa: kutoka kilomita milioni 130 hivi hadi milioni 4.5 tu, kila siku 111. Spitzer iliiangalia ikikaribia, na matokeo ya 2009 yakaonyesha joto limepanda kutoka kelvini 800 hivi hadi 1,500 ndani ya saa sita. Kupanda huko kulipimwa. Zile picha nyekundu na buluu za dhoruba ikizunguka upande wa usiku zimetoka kwenye kompyuta. Ni hesabu nzuri, iliyofanywa na watu makini, na walisema wazi kuwa ni hesabu. Waliofuta maelezo hayo chini ya picha ni wengine.

Naweza kupata utabiri wa hali ya hewa wa sayari hizi, yaani leo na kesho?

Hapana, na neno "hali ya hewa" lenyewe limetumika kwa ukarimu. Mabadiliko tunayoyapima, ukiacha sayari chache kama HD 80606 b, ni wastani wa mizunguko kadhaa iliyorundikwa pamoja ili ishara ionekane. Huo unafanana zaidi na tabianchi. Ishara yenyewe ni ndogo: kwa HD 189733 b, sayari nzima huziba asilimia 2.4 ya mwanga wa nyota, na angahewa, ambayo kila kilomita 200 hivi hupungua msongamano karibu mara tatu, huongeza kama asilimia 0.01 kwa kila tabaka la unene huo. Kutoka humo kusema jana kulikuwa na mawingu na leo hakuna, lazima kwanza uthibitishe kwamba si doa jipya kwenye nyota wala si chombo chako kilichopata joto kidogo.