Usiamini mstari mmoja: kupima joto la plazma kwa eksirei

Nilijifunza kusoma eksirei kwenye depo ya madini, njia ya Likasi, kabla hata sijalijua neno plazma, yaani gesi iliyochomwa mpaka atomu zake zikapoteza elektroni. Mchimbaji mmoja alileta mfuko wa malakiti, mawe ya kijani yenye shaba, ulionyeshewa usiku kucha. Bunduki ya eksirei, kifaa cha mkononi cha kupima madini, ikabandikwa juu yake, ikatoa asilimia ndogo ya shaba, bei ikashuka papo hapo. Mzee yule akaomba mawe yaanikwe, yatwangwe, yapimwe upya. Namba ikapanda. Shaba haikuongezeka hata chembe. Mwanga wake ulikuwa unamezwa na maji njiani.

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mwisho wa masomo juu ya muungano wa viini vya atomu kwa leza, ukumbukeni mfuko ule.

Shaba baridi ya depo hutoa eksirei yenye nishati ya kilo-elektronivolti 8,05; mwanga wa nishati moja maalumu kama huo ndio tunaouita mstari. Ichome mpaka atomu ibakiwe na elektroni 2 kati ya 29, na mstari wake mkuu unahamia karibu 8,39. Hiyo ndiyo siri ya kipimo chote: idadi ya elektroni zilizobaki inataja joto. Kule kwenye maabara ya Livermore, Marekani, ambako tarehe 5 Desemba 2022 miale 192 ya leza iliingiza megajuli 2,05 na muungano ukatoa 3,15, kidonge cha fueli kina upana wa milimita 2 hivi. Hakuna kipimajoto cha kuchomeka humo. Katika majaribio ya aina hii hutiwa chembe ya gesi ya arigoni au kriptoni ndani ya fueli, kisha fuwele hutenganisha mwanga wake.

Mimi niligawanya mng'ao wa mstari wa arigoni yenye elektroni 1 (3,32) kwa ule wa elektroni 2 (3,14), nikapata joto kubwa, nikafurahi. Mwalimu wangu akauliza swali moja tu: mwanga huo umepita wapi? Nikanyamaza. Mstari wa 3,14 ni mkali, na arigoni ileile inayoutoa huumeza tena kabla haujatoka. Ukidhoofika, uwiano unapanda, na joto linaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Kwa hiyo tumieni mistari ya beta, ile inayofuata ya arigoni hiyohiyo, yenye nishati kubwa kidogo. Ni hafifu, inachosha macho, lakini humezwa kidogo zaidi. Na msichanganye joto la elektroni na lile la ayoni, yaani atomu zilizopoteza elektroni, linalosomwa kwenye nyutroni zinazotoka kwenye muungano.

Kisha pimeni kwa njia ya pili: mteremko wa mwanga usio na mistari, kwenye nishati kubwa ambako mmezo ni mdogo. Umeme ukikatika, chora kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, logaritimu ya mng'ao ikiwa wima, nishati ikiwa mlalo. Mwanga ukipungua mara 2,7 kutoka nishati ya 20 hadi 22, joto la elektroni ni kilo-elektronivolti 2, yaani nyuzi milioni 23. Mistari ya beta ikikupa namba iliyo mbali na hiyo, usilainishe chochote; rudi ukahesabu unene wa arigoni ambayo mwanga umeipenya.