Usiache uhasibu kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama uache kazi ya uhasibu huko Kanada ufungue shamba dogo la bangi halali, kwa akiba uliyoweka miaka michache. Mimi nakusihi usiache kwanza.

Kweli bangi ya starehe iliruhusiwa huko tangu Oktoba 17, 2018. Lakini tangu 2019, Health Canada, wizara ya afya ya huko, haipokei ombi la leseni ya kulima mpaka jengo lako la kulimia liwe limekamilika. Maana yake utalipa pango, umeme na kamera za ulinzi miezi kadhaa bila kuuza hata gramu moja. Hapo ndipo akiba inapoyeyuka. Halafu kuna ushuru wa maua ya bangi, yaani sehemu inayovutwa: dola 1 kwa gramu au asilimia 10 ya bei, chochote kilicho kikubwa. Ukiuza gramu kwa dola 4, robo imeshaondoka kabla hujamlipa mfanyakazi.

Hesabu hiyo wewe unaiweza, na ndiyo silaha yako. Makampuni yenye leseni yanahitaji watu wa kufuatilia stempu za ushuru zinazobandikwa kwenye pakiti na ripoti za kila mwezi. Anzia huko, ulipwe huku ukijifunza.

Na ukishaingia, omba uoneshwe chumba cha kukaushia. Kunja kijiti cha ua: kikivunjika ta! limekauka, kikipinda bado. Likifungwa bado lina unyevu huota ukungu, na mavuno ya miezi yanaweza kuishia jalalani.