Endolisini: kwa nini hupasua bakteria ikiwa ndani

Mwalimu mwenzangu wa Nachingwea, umeuliza kwa nini endolisini, kimeng'enya kinachokata ukuta wa bakteria, hupasua bakteria ikiwa ndani, lakini ikimwagwa nje ya bakteria aitwaye E. koli kwa kawaida haifanyi kitu. Ningekushauri uanze na utando, wala si kimeng'enya. Faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria, huitengeneza endolisini ndani ya seli, nayo kwa faji wengi huzuiliwa na utando wa ndani mpaka protini nyingine, holini, iutoboe kwa wakati wake. Ndipo endolisini hupenya na kukata peptidoglikani, yaani kitu kinachoupa ukuta uimara, na seli, isiyo na kingine cha kuhimili shinikizo lake, hupasuka na kuwamwaga faji wapya. Mpangilio huo wa wakati ni wa kustaajabisha, kwani holini ikiwahi, faji hutoka wakiwa wachache.

E. koli ina pia utando wa nje unaoufunika ukuta, hivyo endolisini iliyomwagwa nje haiufikii ukuta huo. Stafilokokasi, bakteria mwingine, haina utando huo, hivyo endolisini inayomfaa humpasua hata kutoka nje.

Darasani, tumia ute wa yai, wenye lisozimu, kimeng'enya kinachokata peptidoglikani vilevile, aliyoieleza Alexander Fleming mwaka 1922: ukiutia katika maji yaliyotiwa ukungu na bakteria wa Mikrokokasi, ukungu hupungua polepole. Tafadhali usitumie bakteria waliotolewa kidondani.