Pentasi Yachanua, Vipepeo Hawaji

SWALI: Nilinunua miche ya pentasi nyekundu, yale maua ya vishada ya bustanini, kwa muuza miche wa barabarani, nikitumaini kuwaona vipepeo uani kwangu. Sasa mashina yamerefuka, chini hayana majani, na vipepeo ni wachache. Mndimu wangu wa pembeni nao umevamiwa na viwavi, ingawa naupiga dawa kila mara. Je, niiongezee pentasi mbolea?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Ahsante, dada yetu. Mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi itakupa majani kuliko maua. Pentasi, ambayo asili yake ni Afrika ya kitropiki na Yemen na ambayo ni ya familia moja na mbuni wa kahawa, hurefuka hivyo isipopogolewa au ikikosa jua. Kata kila shina karibu nusu ya urefu wake, juu kidogo ya kifundo chenye majani, na machipukizi yatakayotoka pembeni yatakuletea vishada vipya. Vipande ulivyovikata vipunguze majani ya chini na uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, vitoe mizizi. Udongo wetu wa matumbawe haushiki maji, basi uchanganye na samadi iliyooza.

Kinachonisikitisha hasa ni hiyo dawa ya mndimu. Kila ua la pentasi ni mrija mwembamba wenye petali tano, na mbochi wake, yaani maji yake matamu, umo chini kabisa, ambako ulimi mrefu wa kipepeo hufika bila taabu. Lakini hicho ni chakula cha kipepeo mzima tu. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, hutaga mayai kwenye majani ya mndimu, mlimau na mchungwa. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, akikua huwa wa kijani, na ukimgusa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Hao ndio vipepeo unaowangoja, nawe unawaua kabla hawajaota mbawa.

Acha dawa. Mndimu uliokomaa huvumilia kuliwa majani kiasi. Ukiwa bado mchanga, wahamishe viwavi kwa mkono hadi kwenye mti mkubwa wa jamii hiyohiyo. Pentasi nayo ipande penye jua la kutosha, nyuma ya ukuta au uzio unaokinga upepo wa bahari, kwa kuwa kipepeo hatulii kwenye ua linaloyumbishwa na upepo.