Rivolva ya Babu na Risasi Zinazoingia

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya babu yangu kufariki dunia, familia ilinikabidhi rivolva yake, nami nikafuata taratibu zote za polisi mpaka umiliki ukaandikishwa kwa jina langu. Ni Webley Mark VI, ya aina inayokunjika katikati, na kwenye fremu imepigwa mhuri wa mwaka 1917. Ilikaa muda mrefu ndani ya ala ya ngozi, kwa hiyo upande mmoja umeshika kutu, silinda inazunguka kwa kusitasita na ndani ya mtutu kuna madoa meusi. Ningependa kuirudishia sura yake ya zamani na kuipiga kwenye uwanja wa shabaha. Rafiki yangu, ambaye ni mpiga shabaha, alijaribu kutia risasi za .45 ACP, ambazo ni za bastola zinazojijaza zenyewe, zilizoshikwa kwa vibanio vyenye umbo la nusu mwezi, zikaingia bila taabu. Anasema sina haja ya kuhangaika kutafuta risasi za .455, ambazo ndizo rivolva hii iliundiwa. Je, ni kweli?
— Msomaji aliyeomba jina lake lihifadhiwe

JIBU: Si kweli, na tunakusihi usipige hata risasi moja kabla fundi wa silaha hajaikagua. Jaribio la rafiki yako limefichua jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona. Mark VI ilivyotoka kiwandani haina nafasi ya kutosha nyuma ya silinda kupokea .45 ACP pamoja na vibanio vyake. Kwa kuwa kwako zimeingia, ina maana kuna mtu alikwishaichonga silinda hiyo kwa nyuma. Webley nyingi ziliuzwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwa vile huko risasi za .455 zilikuwa adimu ilhali .45 ACP zilijaa tele, silinda zilichongwa ili silaha hizo zipate soko.

Kuchonga huko kulibadilisha nafasi, hakukuongeza nguvu ya chuma. Risasi ya .455 iliundwa kuwa ya upole: kichwa kizito cha madini laini ya risasi, takriban gramu 17, kinachotoka kwa mwendo wa chini, na shinikizo lisilozidi sana pauni 13,000 kwa inchi ya mraba. Kikomo cha .45 ACP ya kawaida ni pauni 21,000. Wapo watakaokuambia kwamba wamezipiga kwa miaka na hawajaona neno, na pengine wanasema kweli. Lakini chuma hakichoki kwa kutoa taarifa. Ufa mdogo ndani ya tundu la silinda hukua pole pole bila kuonekana kwa macho, hadi siku silinda inapopasuka karibu na uso wa mpigaji.

Ubaya mwingine ni kwamba silinda iliyochongwa haiifai tena hata .455 yenyewe, kwa sababu kitako cha ganda hubaki kikicheza bila kitu cha kukiegemea, na fataki, yaani kidude kilicho kwenye kitako kinachowasha baruti, huenda isiwake, au ganda likapasuka. Zipo njia mbili za kuaminika. Moja ni kumpa fundi atengeneze pete ya chuma ya kujaza pengo. Nyingine ni kutumia maganda ya .45 Auto Rim, yaani .45 ACP yenye ukingo mnene kitakoni usiohitaji vibanio, au hata ya .45 ACP, yaliyojazwa baruti kidogo na kichwa cha risasi laini kisichovikwa shaba, kwa kipimo kisichopita shinikizo la .455. Kazi hii ya kujaza ni ya mtu mwenye ujuzi, mizani sahihi na majedwali yaliyochapishwa. Haifanywi kwa kukisia. Sisi tungechagua njia ya pili, kwa kuwa pete hupotea kirahisi na mrithi atakayekufuata hatajua kwamba ilihitajika.

Kabla ya hayo yote, itazame vizuri. Elekeza mtutu mahali salama, ifungue, hesabu matundu sita, kisha pitisha kidole kwa kila tundu hata kama macho yamekwishaona kuwa ni matupu. Ifunge, weka kidole kwa wepesi kwenye silinda ili kuizuia kidogo, na vuta nyundo nyuma taratibu sana. Silinda inapaswa kujifunga mahali pake wakati nyundo inafika mwisho, si baada yake, na ni lazima ufanye hivyo kwa matundu yote sita, kwa sababu mara nyingi moja tu ndilo lenye kasoro. Kisha jaribu komeo, yaani kile chuma kinachokumbatia sehemu ya juu ya fremu: shika mpini kwa mkono mmoja na mtutu kwa mkono wa pili, utikise juu na chini. Kwenye silaha za kukunjika, komeo na bawaba ndizo hubeba nguvu yote ya mlipuko, na zikilegea hakuna cha kujadili mpaka zirekebishwe.

Ndani ya mtutu, madoa meusi kwa kawaida si ya kutisha. Fataki za zamani zilikuwa na kemikali ambayo ikiungua huacha chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa na kukila chuma. Ndiyo maana askari wa zamani waliosha mitutu kwa maji ya moto kabla ya kutia mafuta, kwani mafuta peke yake hayayeyushi chumvi. Chuma kilicholiwa kidogo bado hupiga vizuri. Unachotafuta hasa ni kivuli chenye umbo la pete: hiyo ni dalili kwamba zamani risasi moja ilikwama humo ikafuatwa na nyingine, mtutu ukavimba. Ukikiona, rivolva hiyo ni ya kuhifadhiwa tu. Kama babu aliacha na risasi zake, usizipige; wakabidhi polisi au fundi.

Kuhusu sura, wengi huharibu hapa kwa nia njema. Msasa, mashine ya kung'arisha na rangi mpya ya buluu hufuta mihuri ya ukaguzi, namba na kingo zilizochongwa kwa ustadi, na pamoja navyo sehemu kubwa ya thamani. Paka mafuta mepesi juu ya kutu, iache siku chache ilainike, halafu ikwangue kwa kipande cha shaba nyeupe au nyekundu, ambacho ni laini kuliko chuma cha bastola. Palipobaki, tumia sufu ya chuma nyembamba kabisa, ile ya namba 0000, ikiwa imeloa mafuta, na anza mahali pasipoonekana. Mabaka ya kahawia yatakayobaki yaache; ndiyo sura halisi ya silaha ya mwaka 1917. Usifungue skrubu kwa bisibisi ya nyumbani, ambayo ncha yake huteleza na kung'oa kingo za mfereji. Springi kuu yenye umbo la V mwachie fundi mwenye kibanio chake.

Ikipasishwa, fundi aipige kwanza ikiwa imefungwa kwenye kishikizo, kwa kamba, naye akiwa nyuma ya kizuizi, akikagua kila ganda. Zamu yako ikifika, vaa kinga ya macho na masikio, tia risasi moja moja, na usiweke kidole kando ya silinda, maana gesi ya moto hutoka penye uwazi kati yake na mtutu. Risasi isipolipuka, subiri walau sekunde 30 mtutu ukiwa bado umeelekea shabaha. Ikitoa mlio hafifu, acha kabisa, ifungue na uhakikishe hakuna kilichokwama ndani.

SWALI: Nimerithi Smith & Wesson ya wakati wa vita, namba yake inaanza na herufi V. Imeandikwa .38 S&W lakini inapokea .38 Special. Nizitumie?

JIBU: Hilo ni jambo lile lile kwa sura nyingine. Risasi ya .38 S&W ni fupi na nene zaidi; .38 Special ni ndefu, hivyo isingezama mpaka mwisho kama matundu hayangekuwa yametobolewa upya. Kwa nyuma tundu limebaki pana kuliko ganda, kwa hiyo ganda huvimba na wakati mwingine kupasuka. Tumia .38 S&W ya kawaida ikiwa fundi ameridhika na matundu hayo. Pia, mwaka 1944 rivolva ya aina hii ilianguka ikajifyatua na kumuua baharia wa Marekani, na kiwanda kikabadilisha kizuizi cha nyundo; zilizopata kizuizi kipya ziliongezewa herufi S kando ya V. Kama yako haina S, tia risasi tano tu, na tundu lililo chini ya nyundo libaki tupu.