Bafu linanuka asubuhi na sinki linakoroma: kabla hujavunja tailizi soma hapa

Mleta mada pole. Nimekuelewa, umehamia nyumba mpya haina hata miezi minne, bafu la masta linanuka kila asubuhi, ukiflashi choo sinki la kunawia linakoroma glu glu glu, halafu fundi kakwambia bomba ni dogo inabidi mvunje tailizi mweke kubwa na hesabu yake ni laki tisa. Mkuu hiyo hela ishikilie kwanza. Mimi niliitoa, siyo laki tisa ila haikuwa mbali na hapo, na ngoja nikwambie ilivyokuwa.

Nilihamia kwangu Mbezi na tatizo lilikuwa hili hili kama limefotokopiwa. Fundi akaja, akanusa, akatingisha kichwa kama daktari, akasema bomba dogo. Tukavunja. Wiki mbili familia inaoga kwa jirani, mama watoto haongei na mimi, na fundi alipofika chini akakuta bomba la choo ni la inchi nne, yaani ndo saizi yenyewe inayotakiwa, akakaa kimya kidogo halafu akalitoa akaweka lingine la inchi nne jipya, ili tu ionekane kuna kazi imefanyika. Tailizi nazo zile za mwanzo hazikupatikana tena dukani kwa hiyo mpaka leo bafu langu lina kiraka cha rangi nyingine. Harufu ilirudi siku ya tatu.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja nilimwita kwa kazi tofauti kabisa, boya la tenki lilikuwa halikati maji. Kamaliza kule juu akaomba kunawa, akaingia bafuni, akasikia sinki linakoroma mtoto alipoflashi choo cha upande wa pili wa ukuta. Akaniuliza, "Baba, bomba la hewa la nyumba hii liko wapi?" Nikamwonesha lile la kwenye shimo la maji machafu. Akacheka. Akasema lile ni la shimo, nakuuliza la bafu.

Sasa sikia alivyonielewesha, maana mimi tangu siku hiyo nimeacha kuwaza maji nawaza hewa. Ushawahi kumimina maji kwenye dumu la lita 20 ukiliinamisha kabisa? Linakoroma, maji yanatoka kwa kushtuka shtuka, maana kila tone linalotoka linataka hewa iingie kuziba nafasi yake na mdomo ni mmoja huo huo. Kopo la maziwa hivyo hivyo, ndo maana unatoboa matundu mawili. Bomba la maji machafu ni dumu lililoinamishwa. Unapoflashi, lita sita mpaka tisa zinateremka kwa pamoja zimejaza bomba, zinasukuma hewa ya mbele na zinavuta hewa ya nyuma kama ile pampu ya baiskeli. Kama hakuna bomba la hewa, zitaivuta kutoka sehemu rahisi iliyo karibu, na sehemu hiyo ni trapu ya sinki lako na trapu ya pale chini unapooga. Huko kukoroma unakosikia ni hewa inanyonywa kupitia kwenye maji ya trapu.

Na trapu kwa wasiojua ni lile pindo la bomba chini ya sinki, lina umbo kama herufi U hivi, kazi yake ni kubakiza maji kidogo, kina cha kama sentimita tano mpaka saba na nusu, na hayo maji ndo mfuniko unaozuia harufu ya shimoni isipande ndani. Hamna kingine kinachozuia. Yaani kati yako na shimo kuna vidole vitatu vya maji basi. (Pindo hili liliingia kwenye choo mwaka 1775, mwenye hataza yake ni Alexander Cumming, na jamaa alikuwa fundi saa huko London, siyo fundi bomba. Nikikumbuka fundi wangu wa kwanza naona kabisa sawa tu.)

Kwa hiyo ukiunganisha: kwa nini inanuka ASUBUHI? Kwa sababu mchana watu wanaoga wananawa, trapu inajazwa kila saa. Usiku, mtu wa mwisho kuingia anaflashi, trapu inanyonywa, mfuniko haupo, mlango umefungwa, mnalala masaa saba na shimo liko wazi. Asubuhi mtu wa kwanza akioga harufu inakata, mnasema aah ni bafu tu halikuingia hewa. Hapana.

Sasa usiniamini mimi wala fundi wako, fanya majaribio leo leo, hayana gharama. Chukua tochi, fungua kile kifuniko cha wavu pale chini, jaza maji mpaka trapu ijae, halafu mtu aflashi choo wewe unaangalia kile kiwango cha maji. Kikishuka, kinanyonywa, tatizo ni hewa. Kikipanda au yakatoka mapovu kuja juu, hiyo ni kesi nyingine, maana yake kuna kizuizi mbele, hewa imekosa pa kwenda inarudi ndani, hapo nenda nje ufungue chemba ya kwanza, yaani kile kisanduku cha zege chenye mfuniko ambapo mabomba yanapita kwenda shimoni. Chemba ikiwa imejaa, tatizo liko kuanzia hapo kwenda shimoni. Chemba ikiwa kavu na ndani kunatuama, tatizo liko kati ya hapo na bafuni. Ndo kipimo chote hicho, dakika kumi. Mimi nililipa hela yote ile kwa sababu hakuna aliyefikiria kupima hivi.

Lakini kabla hata ya hapo inama chini ya sinki. Nyumba nyingi za siku hizi wanafunga ule mpira wa mikunjo mikunjo kama mkonga wa tembo, na fundi mwenye haraka anaunyoosha moja kwa moja kuingia ukutani, hakuna pindo, maana yake hakuna trapu, hapo hata ukiweka bomba la hewa refu kama mnara wa kanisa utanusa tu. Ukunje U ya chini ufunge na klipu au zip tai isifunguke. Na angalia pale mpira unapoingia kwenye bomba la ukutani. Bomba ni inchi mbili, mpira ni mwembamba, pembeni kuna uwazi unaweza kupitisha kidole, na harufu inapita hapo hapo haihangaiki na trapu. Inauzwa raba ya kuziba pale ni bei ya soda mbili tatu, ukiikosa piga silikoni. Nimeenda kwa shemeji yangu Tegeta alikuwa anapulizia perfyumu bafuni mwaka mzima na tatizo lilikuwa huo uwazi.

Haya, tuseme umepima na maji yanashuka. Dawa ni bomba la hewa, na si lazima uvunje ndani. Kwangu bomba la inchi mbili linalobeba sinki na ile trapu ya chini lilikuwa linatokea ukuta wa nje kabla ya kwenda kuungana na la choo, na nyumba nyingi za chini ziko hivyo. Mzee alifukua pale nje kama futi moja na nusu, akakata, akaweka tii (kile kiungio chenye midomo mitatu) mdomo mmoja ukiangalia juu, akapandisha bomba la inchi mbili ukutani mpaka likapita juu ya bati, akalivisha kofia yenye wavu mende na ndege wasiingie. Cha kuzingatia ni kwamba linatakiwa lishike kati ya trapu na pale bomba linapoungana na la choo, ukilishika mbele kabisa karibu na shimo litasaidia shimo siyo sinki. Mdomo wa juu usiishie chini ya dirisha wala chini ya mapaa, pandisha lipite. Na lisilale popote, maji ya mvua yakituama kwenye mlalo ni sawa na umeliziba.

Kama mabomba yako yote yamezikwa ndani na huna pa kushikia, kuna valvu ndogo ya plastiki inayofungwa chini ya sinki baada ya trapu, upande wa kwenda ukutani, inaruhusu hewa kuingia tu haitoi. Inafanya kazi ila ina raba ndani inachoka, na usiifukie ukutani. Mimi naiona ni ya kuokoa jahazi, bomba halisi la juu halina kitu cha kuharibika.

Kuunganisha PVC nako kunaonekana rahisi halafu ndo kunakovujisha. Kata kwa unyoofu, ile mikwaruzo na vinyuzi vya msumeno vya ndani vitoe kwa kisu maana nywele zitakuja kunasa hapo hapo, piga msasa, futa ikauke kabisa, jaribu kuvalisha bila gundi uweke alama kwa kalamu, ndo upake gundi pande zote mbili, ingiza huku unazungusha robo mzunguko na ulishike kama nusu dakika maana lina tabia ya kujirudisha nyuma. Usiweke maji siku hiyo hiyo. Na KABLA ya kufukia ziba upande wa chini jaza maji lala nayo, asubuhi kiwango kikiwa pale pale fukia. Fundi akikwambia aah bosi hiyo haivuji usimsikilize, kama haivuji basi hatapoteza kitu kusubiri.

Na mteremko. Sentimita mbili mpaka mbili na nusu kwa kila mita, kwa hiyo mita kumi za kwenda chembani ni kama sentimita 20 mpaka 25. Pima na pimamaji au ule mpira wa maji unaoonesha, siyo kwa jicho. Tena lalisha kwenye mchanga uliopigwa vizuri, siyo kwenye kifusi, kifusi kikishuka bomba linakuwa na tumbo, na kwenye tumbo ndo mafuta na wali vinatulia. La jikoni kwangu ndo ugonjwa wake huo mpaka leo, nalizibua kila baada ya miezi kadhaa kwa waya na nimekubali matokeo.

Mengine ya haraka haraka. Bafu la wageni lisilotumika, maji ya trapu yanakauka yenyewe hasa miezi ya joto, mwaga jagi la maji kila wiki, ukisafiri malizia na kijiko cha mafuta ya kula juu yake yanapunguza kukauka. Dada au mke akiwa anaoshea nywele bafuni kagua trapu, nywele zikining'inia kuvuka ukingo zinavuta maji kidogo kidogo kama utambi wa kibatari mpaka trapu inaisha, hii watu hawaamini mpaka waione. Choo nacho kikitikisika ukikaa, raba ya chini imeachia, harufu inatokea pale kwenye sementi. Na masika kama shimo la kunyonya limejaa kwa sababu ardhi imelowa, hakuna fundi bomba atakayekusaidia, hapo subiri au vuta kwa gari.

Kitu kimoja nakisema kwa ukali. Humu juu kuna mtu kakushauri umwage maji ya betri. Hiyo ni asidi mkuu. Kwanza haitibu kukosa hewa, pili kama kuna aliyeshamwaga kostiki soda humo vikikutana vinachemka na kuruka usoni, na ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, umejifungia kwenye kachumba kasiko na dirisha kubwa. Kama ni mafuta ya jikoni tumia maji ya moto yasiyochemka na sabuni, maana PVC ya kawaida inalainika ikipigwa maji yanayochemka, halafu kizibuo cha raba, na ukikitumia ziba kile kitundu cha juu cha sinki kwa kitambaa la sivyo unapampu hewa bure. Na mtu yeyote asiingie shimoni kuangalia, hata kama ni dakika moja, hata akisema amezoea. Ile gesi ikizidi pua inaacha kuinusa, anadhani imeisha, anaanguka, na anayemfuata kumwokoa naye anabaki.

Kwa hiyo leo usiku anza na tochi na choo. Kesho piga picha ukuta wa nje wa hilo bafu kuanzia chini mpaka bati, uonekane na chemba ya kwanza, uitupie hapa nikuchoree mstari wa pa kukata. Na yule wa laki tisa mwambie umesafiri.