Umeniuliza kama historia itakutoa kanisani

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu. Unasema ukumbi ulijaa mpaka wengine mmekaa kwenye ngazi, mwalimu akasema mtu wa historia anaichunguza dini kama anavyochunguza kodi au vita, we ukarudi hosteli hujalala, unaniuliza mama nikiendelea na hii kozi si ntaacha kusali? Nilitaka nikupigie ila kwenye simu ntalia tu, bora niandike.

Bibi yangu mzaa baba hukumkuta. Jioni alikuwa anakaa mkekani, rozari mkononi, anatusimulia vita ya Maji Maji, ile ya kumpinga Mjerumani. Akifika pale kwenye dawa anachovya vidole kwenye kata ya maji anaturushia usoni, taratibu, halafu anatufuta na kanga yake anasema baba yangu alinyunyiziwa hivihivi, maji yamechanganywa na mbono na mtama, akaambiwa risasi ya Mjerumani itageuka maji. Na rozari haijatoka mkononi. Sijawahi kumsikia akisema baba yake alikuwa mjinga, na misa hakukosa mpaka anakufa.

Sasa niambie hiyo ni historia au ni dini? Kinjekitile, yule mganga aliyegawa hayo maji kule Ngarambe mwaka 1904, hakuanza na bunduki, alianza na roho na maji, ndo maana Wamatumbi na Wangindo na baadae Wangoni, watu wasio na mtawala mmoja, wakajikuta kwenye vita moja. Lakini pia ukiacha pamba ya kulazimishwa na kodi na viboko vya maakida, wale wasimamizi wa Mjerumani, hutaelewa kwa nini watu waliyapokea yale maji kipindi kile, manake vita yenyewe ilianza kwa kung'oa pamba kule Nandete 1905.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Hapa kwetu Songea tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wale mashujaa 67 wa Maji Maji, we unajua, kila mwaka tunawakumbuka. Baadhi yao padri aliwabatiza wakiwa wanasubiri kamba. Na miezi michache nyuma watu wetu walikuwa wamechoma misheni ya Peramiho. Mimi nimebatizwa kwa maji ya misheni hiyohiyo mwanangu, na mwili wangu ni wa damu ya waliochoma. Kila nikipita makumbusho najiuliza waliukubali ule ubatizo kwa moyo au kwa hofu au walitaka tu mtu wa kuwashika mkono, miaka yote sijapata jibu, na Jumapili niko kanisani, na siku hizi nikiona maji ya baraka mlangoni nachovya vidole na bibi namkumbuka. Imani yangu haijapungua, imekuwa na watu ndani yake.

Kwa hiyo mwalimu wako usimuogope. Yeye anauliza watu waliamini nini, kwa nini, na wakafanya nini kwa sababu ya hiyo imani. Mungu yupo au hayupo, hilo halimo kwenye mtihani wake. Ukiona amepitiliza muulize kwenye semina, kwa heshima, mkiwa wachache, kwenye ukumbi wa watu mia kadhaa hata hatakuona.

Alafu usiishie kwenye hendauti. Mwaka 1968 wanafunzi wa hapo hapo chuoni kwako Mlimani, Dar es Salaam, umri wako kabisa, walitumwa vijijini kukaa na wazee walioiona ile vita wakaandika maneno yao. Ulizia maktaba sehemu ya East Africana, wanakoweka maandiko ya Afrika Mashariki, soma wazee wenyewe walivyosema.

Na bibi yako wa Ruhuwiko, kitinda mimba wa bibi yangu, bado ana akili zote. Nimeshamwambia likizo unakuja na simu ya kumrekodi. Kasema uende asubuhi, mchana analala, na umbebee sukari.

Mama yako